Jani la Njano na Jina la Udongo

Lamadi kila mtu ni daktari wa miti. Mlimao wako ukianza kugeuka njano uani, huna haja ya kumwita mtu, watakuja wenyewe. Wa kwanza atakwambia ni maji ya sabuni unayomwaga pale ukimaliza kufua. Wa pili atasema ni mbwa, anakojolea shina. Wa tatu, ambaye ndiye mtu mzima kuliko wote, atauzunguka mti mara mbili kimyakimya, kisha atauliza kama hivi karibuni uligombana na mtu. Muuza pembejeo atasema ni wadudu, na dawa anayo. Bwana shamba, ukimpata, atasema tia mbolea. Na kijana wa bodaboda anayesubiri abiria hapo nje atamaliza kesi yote: ung'oe tu, upande ashoki kama wenzako.

Nimeisikia mijadala hii kwa miaka mingi kiasi kwamba sasa naifurahia kama wengine wanavyofurahia mpira. Ila kuna swali moja ambalo karibu kila mara halipo. Hakuna anayeuliza: hapa tuliposimama, udongo huu unaitwaje? Sisemi ni wa aina gani, maana hilo utajibiwa haraka, mweusi, au wa kichanga. Unaitwaje, kwa jina lake. Usukumani udongo ulikuwa na majina, na majina hayo yalibeba habari ambayo leo tunajaribu kuinunua dukani kwenye pakiti. Ndiyo maana nasema jani la njano la Lamadi lina historia ndefu kuliko mti wenyewe. Ndani yake kuna nani alihamia wapi, kwa hiari au kwa amri, na alipewa mche gani wa kupanda juu ya udongo ambao aliyempa mche hakuujua jina.

Kwa msomaji ambaye Lamadi ameipita tu akiwa kwenye basi: ni ule mji wa barabara ya Mwanza kwenda Musoma, pale njia ya Bariadi inapochepuka. Upande mmoja kuna Ziwa Victoria, kwenye ghuba ya Speke. Mbele kidogo kuna geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Kiutawala tumehama bila kuondoka: tulikuwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, hadi mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Simiyu wenye makao makuu Bariadi, nasi tukajikuta wilaya mpya ya Busega. Mji unakua kwa kasi, viwanja vinapimwa, na kila anayemaliza kuezeka anataka mti wa kivuli. Jua la hapa la saa nane halina masihara.

Basi tuanze na jani.

Njano haiko ya aina moja. Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, na chochote kinachouzuia mti kuitengeneza kitaiacha ile njano iliyofichwa chini yake ionekane. Kwa hiyo swali la kwanza ni njano imeanzia wapi. Ikiwa imeanza kwenye majani ya chini, yale ya zamani, na jani zima linapauka pamoja na mishipa yake, mti una njaa ya nitrojeni. Nitrojeni ni kitu ambacho mti unaweza kukihamisha. Inapopungua, mti unayanyang'anya majani ya zamani na kuyapa machipukizi, kama mama anayejinyima. Ikiwa ni majani ya zamani pia, lakini njano iko katikati ya mishipa na kitako cha jani kimebaki kijani, hasa kwa michungwa na ndugu zake, hapo unafikiria magnesiamu. Chuma kina tabia nyingine. Kikishaingia kwenye jani hakihami. Mti ukikikosa, majani ya zamani yanabaki na kijani chao, na yale machanga ya juu ndiyo yanayotoka njano, tena njano inayoacha mishipa ikiwa kijani, kama ramani ya mito iliyochorwa kwa kalamu nyembamba. Hali ikizidi, jani jipya linazaliwa karibu jeupe. Upungufu wa zinki unafanana na huo, ila majani yanakuwa madogo na yamesongamana. Na mti ambao mizizi yake imekaa ndani ya maji unakuwa njano wote kwa pamoja na kuyalegeza majani kana kwamba una kiu, ndipo mwenye nyumba anapouongezea maji.

Zunguka nyua za Lamadi ukiwa na hayo kichwani. Utakuta njaa ya kawaida ya nitrojeni, ipo kila mahali. Lakini kwenye milimao, kwenye michungwa, kwenye ile migrivea inayopandwa uzioni, hata kwenye baadhi ya miembe michanga, utaona ramani ya mito, juu kabisa, kwenye majani ya mwezi huu. Chuma. Na hapa ndipo watu hushangaa, kwa sababu udongo wetu haukosi chuma. Chuma kimo, kimefungwa. Udongo ukiwa na chokaa nyingi, pH ikishapita 7.5 hivi, chuma kinageuka kuwa kitu ambacho mizizi ya miti mingi haiwezi kukinywa. Mti unashinda njaa ukiwa umekaa ghalani.

Wenye kujua hili mapema kwa njia ya maabara walikuwa Wafaransa. Katika miaka ya 1840 Eusèbe Gris alionyesha kwamba majani yaliyopauka yanarudisha kijani ukiyapa chumvi ya chuma. Miaka arobaini baadaye nchi yake hiyohiyo ililipia somo hilo kwa gharama kubwa. Mdudu wa filoksera, aliyetoka Marekani, alikuwa ameiangamiza mizabibu ya Ufaransa, na dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza mizabibu yao juu ya mizizi ya Kimarekani ambayo mdudu yule hakuiweza. Ikafaa sehemu nyingi. Lakini kwenye udongo wa chokaa, kama ule wa Charente inakotengenezwa brandi ya Cognac, mizabibu iliyosimama juu ya mizizi ya kigeni ikapauka njano. Mwaka 1887 serikali ikamtuma Pierre Viala avuke bahari kwenda kutafuta mzabibu wa mwituni ambao kwao umezaliwa kwenye chokaa. Akaupata Texas, akisaidiwa na mkulima wa huko, T. V. Munson. Ninachokipenda kwenye safari ya Viala ni swali aliloondoka nalo. Hakwenda kutafuta mzabibu bora. Alikwenda kutafuta mahali penye udongo kama ule wa kwao, aone huko kunaota nini.

Wasukuma walikuwa na majibu ya swali la namna hiyo kabla Viala hajapanda meli.

Panda kilima chochote cha mawe Usukumani, kisha ushuke taratibu hadi bondeni. Juu, miguuni pa majabali, kuna isanga, mchanga wa chembe kubwa. Chini yake luseni, kichanga chepesi, rahisi kulima, kinachopitisha maji. Ukiendelea kushuka unafika itogolo, ambako mchanga umelala juu ya tabaka gumu na maji yanasimama, na ndiyo maana watu wakachimba huko majaruba ya mpunga. Kuna ibambasi, mgumu kama sakafu, wenye sodiamu nyingi, ambao hata nyasi zinausitasita. Kuna ibushi, wa rangi ya kijivu, wenye vijiwe vyeupe vya chokaa. Na chini kabisa ni mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama. Kila jina lilikuja na maelekezo: hapa muhogo na karanga, hapa mpunga, hapa mtama, hapa acha ng'ombe wale.

Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alipita Tanganyika mtaalamu wa kemia ya udongo, Geoffrey Milne, kutoka kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, akichimba mashimo na kuandika. Mwaka 1935 alikuwa tayari amelipa jina wazo lake kwamba udongo wa mteremko mmoja unafungamana, wa juu ukiulisha wa chini. Aliliita catena, yaani mnyororo kwa Kilatini, na wasomi wa udongo duniani wanalitumia neno hilo mpaka leo. Usukumani alikuta watu wana mnyororo mzima, kila pete na jina lake, na kwa heshima yake aliyaandika majina kama alivyoyasikia. Milne alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari ile ikachapishwa mwaka 1947. Miaka miwili baadaye N. V. Rounce, aliyefanya kazi kituo cha Ukiriguru karibu na Mwanza, naye alitoa kitabu kuhusu kilimo cha ukanda huu, na majina hayohayo yamo. Kwa hiyo asije mtu akasema hii ilikuwa elimu ya vijiweni isiyoandikwa. Iliandikwa, tena mapema. Ila iliandikwa kwa ajili ya pamba. Ukiriguru ndiko zilikotoka mbegu za pamba ambazo majina yake yanaanza na UK, kama UK77 na UK91. Mlimao wa uani haukuwa na mtu wa kuuandikia.

Na kwa nini ungeandikiwa? Zamani nyumba haikujengwa kwenye ibushi. Kaya ya Kisukuma ilipenda juu, kwenye luseni, mahali maji hayatuami na mguu haunasi matope, ikiwa imezungushiwa minyaa. Bondeni palikuwa pa mifugo, baadaye pa pamba. Na mti wa kivuli wa nyumbani mara nyingi ulikuwa ule ulioachwa wakati wa kufyeka, au ulioota wenyewe: mkwaju, mgunga, mkuyu. Mti ulioota wenyewe umeshafanya mtihani wa udongo na kufaulu kabla mwenye nyumba hajauona.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka, maana yameandikwa na wengi. Kuanzia miaka ya 1920 pori lilifyekwa ili kumfukuza mbung'o na nagana. C. F. M. Swynnerton aliongoza utafiti huo kutokea Shinyanga hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, na maelfu ya watu waliitwa na watemi wao kwenda kukata. Mimi siwezi kuwacheka waliokata. Aliyewahi kuona ng'ombe akikonda kwa nagana anaelewa. Kisha ikaja pamba. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga ushirika wa Victoria Federation, mmoja wa ushirika mkubwa kabisa Afrika, na kila ekari iliyoongezeka ilikuwa na miti iliyopungua. Upande wa serikali ya kikoloni ulikuwepo Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, na sheria zake: lima matuta, tia samadi, punguza mifugo. Mengi kati ya hayo, kitaalamu, yalikuwa sahihi. Watu waliyachukia hata hivyo kwa sababu yalikuja na faini, na chuki hiyo ikawa kuni kwa TANU, kiasi kwamba chama kilizuiwa kufanya kazi Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958. Hili nalitaja kwa sababu moja. Shauri jema lililoletwa na askari linabaki na harufu ya askari kwa muda mrefu, na samadi ilikuwa mojawapo.

Halafu vijiji. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekamilika mwishoni mwa mwaka 1976. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilipata operesheni yake mwaka 1974. Kaya zilizokuwa zimetawanyika juu ya luseni zikateremshwa na kupangwa kwa mistari. Kipimo kilikuwa umbali kutoka barabarani, shuleni na kwenye zahanati, vitu vya maana kabisa ambavyo hakuna mzazi anayevikataa. Ila barabara hupenda tambarare. Na tambarare kwetu ni itogolo, ibushi na mbuga.

Nadhani hapo ndipo jani la njano lilipozaliwa, kama jambo la watu wengi na si la mti mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza nyumba nyingi, na nyua zake, zilikaa juu ya udongo ambao wazee wao waliuchagulia kazi nyingine kabisa. Lamadi yenyewe haikuhitaji hata operesheni. Njia panda peke yake iliwavuta watu, na njia panda iko bondeni.

Miti ikarudi, safari hii ikiwa kwenye viriba vya plastiki. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Bariadi ilikuwa Shinyanga wakati huo, sisi tulikuwa Mwanza, lakini mpaka wa mkoa haukuzuia miche wala mawazo. Shinyanga ilikuwa na sura mbaya, Mwalimu aliwahi kuiita jangwa la Tanzania, na jibu la kwanza la wataalamu lilikuwa vitalu na miti ya kigeni inayokua haraka: mikaratusi, mijohoro, na ule mlusina uliosifiwa kuwa unalisha mbuzi, unatoa kuni na kurutubisha ardhi kwa mpigo. Mwaka 1992 mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mlusina, asili yake Amerika ya Kati, aliingia Afrika Mashariki. Machipukizi ya milusina yakageuka njano, yakajikunja na kupukutika. Njano ya namna hiyo unaitambua kirahisi: geuza kijani kidogo utawaona wenyewe, na vidole vitanata.

Kilichoiokoa HASHI ni kwamba watu wake walisikiliza. Waliacha kung'ang'ania vitalu wakageukia ngitili, ule utaratibu wa Kisukuma wa kuyafungia malisho masika ili yabaki ya kiangazi. Ukilifungia eneo, mizizi na visiki vilivyomo ardhini vinachipua vyenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimerekodiwa zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya Equator ya UNDP. Watu wanapenda kuitumia hadithi hii kama fimbo ya kuwachapia wataalamu. Mimi naona ni kinyume chake. Si kila siku unaona ofisi ikikubali kuupindua mpango wake baada ya kumsikiliza mchungaji.

Lakini somo la ngitili liliishia malishoni. Uani halikuingia. Kampeni zilizofuata zilikuwa za hesabu: kila halmashauri miti milioni 1.5 kwa mwaka, kila tarehe 1 Aprili viongozi na majembe. Mche unahesabiwa unapotoka kitaluni. Haujahesabiwa tena ukiwa na miaka mitatu, majani yake ya juu yakiwa rangi ya ndizi mbivu. Na mche wenyewe ni uleule kwa wote, awe anajenga kwenye luseni au kwenye ibushi.

Ziwa nalo lina neno lake. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda takriban mita mbili na nusu, na wazee wa ufukweni bado wanapanga umri wa watu kwa mafuriko yale. Mwaka 2020 likapanda tena na kuvunja rekodi ya 1964. Nyua za karibu na maji zilikaa na unyevunyevu miezi, na miembe na mipapai iliyokuwa na afya ikawa njano yote kwa wakati mmoja, kuanzia chini hadi juu. Hapo chuma hakihusiki. Mzizi unahitaji hewa kama sisi, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Mpapai ndio wa kwanza kukata tamaa, siku chache tu. Mwembe unavumilia. Mwarobaini, ambao watu wanadhani hauuawi na kitu, kwa maji yaliyotuama ni dhaifu kuliko sifa zake.

Sasa, ufanye nini? Najua kuna waliosoma mpaka hapa wakisubiri hili tu.

Chimba futi moja, chini ya tabaka lililozoea kumwagiwa kila kitu, uchukue gao la udongo mkavu, uweke kwenye kisosi, umwagie siki ya dukani. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa. Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo ya juu ambaye sote tunamwita mayu, alikuja siku moja akanikuta nimechuchumaa uani na chupa. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akatazama kisosi, akauliza ninampikia nani. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa. Kisha akachukua bonge la udongo, akalivunja kwa vidole, akanionyesha kijiwe cheupe ndani yake. Ibushi, akasema. Hakutumia siki hata tone.

Ukishajua ni chokaa, cha kwanza acha majivu. Majivu tunamwaga kwenye mashina kumzuia mchwa, na kwenye udongo wa isanga yanaweza hata kusaidia, lakini yana asili ileile ya chokaa. Kwenye ibushi unamwongezea mgonjwa kilekile kinachomuumiza. Misumari ya kutu inayofukiwa shinani haina dhambi ila haina faida, chuma chake kitafungwa kama kilichotangulia. Angalia pia maji. Visima vingi vya mkoa huu vina maji ya chumvichumvi, na kumwagilia nayo miaka kumi ni kupaka ardhi chokaa taratibu. Maji ya ziwa ni mepesi. Tangu mradi wa maji wa ziwa ufike Lamadi, kwa fedha zilizotoka pia Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na shirika la maendeleo la Ufaransa, kuna nyua ambazo zimepata nafuu bila mwenye nyumba kujua sababu.

Mbolea ya dukani ukinunua, SA ni bora kuliko CAN hapa kwetu. SA inaipunguza pH pole pole pale karibu na mizizi, wakati CAN inakuja na chokaa yake ndani ya mfuko. Kuna wanaoleta salfa ya unga, ileile ya wakulima wa korosho kule Mtwara. Inafanya kazi kwenye udongo wenye chokaa kidogo, ila kwenye ibushi halisi utamaliza mshahara kabla ya chokaa kuisha. Chumvi ya chuma ukiinyunyiza kwenye majani, gramu 5 kwa lita, jioni jua likipoa, utaona kijani kikirudi kwa madoa madoa ndani ya wiki mbili tatu. Ni kama drip ya hospitali: inamnyanyua mgonjwa, haimtibu. Majani yatakayozaliwa mwezi ujao yatakuwa njano tena. Iko pia chuma ya keleti, iliyofungwa kwenye kemikali inayoikinga na chokaa, lakini bei yake ni ya mashamba ya biashara.

Kinachobaki ni samadi, na hapa tumerudi kwenye ile harufu ya faini. Samadi iliyooza vizuri inatengeneza kuzunguka mzizi mazingira ambamo chuma kinafunguka kidogo kidogo, na inapasua udongo mzito upitishe hewa. Ng'ambo ya ghuba yetu, nyuma ya Ukerewe, kuna kisiwa cha Ukara, ambako watu walifuga ng'ombe ndani, wakakusanya samadi kwa bidii, na kila mti ulikuwa na mwenyewe anayejulikana. Wakoloni waliwasifu Wakara mno. Kisha wakaona kituko: Mkara akihamia bara, kwenye ardhi tele ya Usukumani, anaacha samadi kama mtu aliyevua koti. Waliona ni uvivu. Mimi naona alikuwa anapiga hesabu tu, kisiwani ardhi ilikuwa kidogo na huku ilikuwa nyingi. Kiwanja cha Lamadi cha leo, mita ishirini kwa ishirini na tano, ni Ukara. Kila mwenye kiwanja anaishi kisiwani.

Na kama mti bado haujapandwa, panda wa hapa. Mkwaju, mgunga, mkunazi, na kwa sehemu zisizotuama maji mwarobaini, vyote vinaivumilia chokaa. Mlimao ukiutaka sana, na nani hautaki kwenye mji wa samaki, chimba shimo pana, ujaze samadi na kichanga cha kutoka juu, uupandishe kwenye kituta.

Mayu ana milimao miwili. Wa mbele ya nyumba, karibu na barabara, una ramani ya mito mwaka mzima na malimao yake ni kama gololi. Wa nyuma ya jiko, hatua ishirini kutoka pale, una kijani cha kuumiza macho, na akina mama wa samaki wanakuja kuchukua malimao asubuhi kabla hajafungua mlango. Nilimuuliza huyu wa nyuma anautia nini. Akasema hautii chochote, ila pale palikuwa na zizi la baba mkwe wake, tangu walipoletwa mpaka ng'ombe walipouzwa.

Upande wa njia ya Bariadi wamepima viwanja vipya. Bikoni zimeshachomekwa, kila kimoja kina namba yake, na kwenye baadhi miche ya ashoki imeshatangulia nyumba. Nilipita jioni moja na chupa yangu. Vile vya juu udongo ulinyamaza. Kuanzia pale ardhi inapoanza kulala kuelekea bondeni, kila kisosi kilichemka.